Siku Mzee wa Kanisa Alipopigwa Picha ya Tumbo

Nyinyi vijana mnaosomea kazi ya ultrasound, kitu cha kwanza mnachopaswa kukijua vizuri ni mkojo. Msicheke. Juzi binti wa jirani yangu hapa Kambu, ambaye amemaliza chuo mwaka huu, alikuja kunisalimia akaniambia, "Susu," ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, "siku hizi mashine zimekuwa ndogo kama simu, unaweka tu mfukoni." Nikamwuliza, "Na mgonjwa akija kibofu kikiwa kitupu, hiyo simu utampigia nani?" Akanywa chai yake. Basi vuteni viti, kwa sababu mambo mengine hayako kwenye vitabu vyenu.

Mimi nilianza na eksirei, upande wa Makueni, enzi za chumba cha giza. Ulikuwa unasafisha filamu kwa dawa inayonuka, halafu unazitundika zikauke kama nguo. Nilitoka kazini na harufu hiyo mpaka marehemu mume wangu akawa ananitambua kabla sijapiga hodi. Miaka ya themanini ilipokuwa inaelekea kuisha, hospitali moja ya misheni huko Kitui ikapata mashine ya ultrasound, nami nikaajiriwa huko. Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kiasi kwamba fundi alibomoa fremu ya mlango ndipo ikaingia. Jenereta ikikohoa, skrini inazima, na wewe unabaki umeshika tumbo la mtu gizani ukimwambia asiogope.

Aliyenifundisha ni mzee Kilonzo, mtu mfupi mwenye subira fupi pia. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine. Alinipeleka nyuma ya jikoni, kwenye tangi la maji ya mvua, akaniambia niligonge kutoka juu kwenda chini. Nikagonga. Juu likalia ngo! ngo!, na katikati sauti ikabadilika ikawa nzito.

"Maji yako wapi?" akaniuliza.

"Yako nusu."

"Umechungulia ndani?"

"La. Nimesikia."

"Basi twende ndani, umeshajua nusu ya kazi."

Na kweli. Kile kichwa cha mashine tunachokishika mkononi, probu, kinatuma sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti inaingia mwilini, inagonga vitu, inarudi. Mashine inapima imechukua muda gani kurudi na imerudi na nguvu kiasi gani, halafu inachora. Nyama zinarudisha kidogo, zinaonekana kijivu. Mfupa unarudisha karibu yote, unaonekana mweupe, na nyuma yake kunabaki kivuli. Maji hayarudishi kitu, sauti inapita tu, kwa hiyo yanaonekana meusi tititi. Hewa ndiyo adui. Hata hewa kidogo kati ya probu na ngozi inaharibu kila kitu, ndiyo maana tunapaka jeli. Hakuna miale kama ya eksirei, hakuna sindano, hakuna maumivu. Mgonjwa atasikia baridi ya jeli na mkono unaobonyeza, basi.

Mwambieni hayo kabla hajalala kitandani, maana msipomwambia atajiambia mwenyewe, na atajiambia vibaya. Kuna mama alitushukuru sana kwa jeli, akasema magoti yake yamepona, tumwongezee kwenye chupa. Nilimweleza kwamba si dawa. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwenzake mchoyo, kisha akaenda kumwomba Sista Mumbua, nesi wetu wa mapokezi.

Halafu kuna hilo neno picha. Ukimwambia mtu anaenda kupigwa picha, yeye anajua picha ni nini. Mfanyabiashara mmoja wa huku Mombasa Road alikuja kupimwa nyongo akiwa amevaa suti na tai, amejipaka mafuta mpaka paji la uso linang'aa. Nilipomwambia avue shati alikasirika, akauliza sasa suti aliivalia nani. Na kwa Kikamba, mnajua wenyewe, picha ni visa. Tulikuwa na daktari mgeni, katoka ng'ambo juzi, kila asubuhi anasikia wazee kwenye foleni wakisema wamekuja kutafuta visa. Wiki nzima alikuwa na wasiwasi. Mwishowe alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama nchi iko salama, mbona watu wote wanataka kuhama.

Lakini nilisema nitawaambia habari za mkojo.

Kizazi cha mwanamke kimejificha chini, nyuma ya matumbo, na matumbo yamejaa hewa. Sauti haipiti. Kibofu kikijaa, kinayasukuma matumbo juu, na maji yaliyo ndani yake yanakuwa dirisha la kuchungulia. Ndiyo maana tunamwambia mama anywe maji mengi na asiende choo. Ni rahisi kusema. Sasa mwambie hivyo mtu wa Ukambani wakati wa kiangazi, mtu aliyeamka alfajiri kwenda mtoni kufukua mchanga apate mtungi mmoja! Wengine walikunywa uji, kwa sababu kunywa maji bila kiu ni ubadhirifu. Mmoja alikunywa soda, akajaa hewa, nikaona mawingu matupu. Tukaamua kuweka ndoo safi yenye bomba pale kwenye benchi, na vikombe, na Sista Mumbua akawa ndiye mwenye kutoa amri.

Siku hiyo pikapu iliingia kutoka Zombe ikiwa na watu watatu. Mwenye kuendesha alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Kithome, mrefu, kofia mkononi, Biblia kwapani. Pembeni yake mama mmoja wa makamo anayeitwa Syokau. Nyuma, peke yake, akiwa amejifunika leso, mke wa mtoto wa Syokau. Jina lake Nduku. Tumbo lake lilikuwa limetangulia.

Mzee Kithome alisimama mlangoni pangu akasema, "Daktari, tulisikia hapa kuna mashini ya kuangalia ndani. Tumeleta tumbo."

"Na mwenye tumbo?" nikamwuliza.

"Yeye pia amekuja," akasema.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mume wa Nduku, Mutua, alikuwa akifanya kazi Mombasa. Mara ya mwisho kurudi nyumbani ilikuwa Krismasi, na sasa Krismasi nyingine ilikuwa inakaribia. Katikati hapo tumbo la mkewe lilianza kuota. Nduku ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kwaya, sasa alikuwa ameambiwa akae benchi la nyuma. Aliwaambia kina mama kwamba mwezi wake unakuja kama kawaida. Wakasema mwanamke anaweza kusema lolote. Wazee walikuwa wameshaamua: mashine ikionyesha mtoto, Nduku anapelekwa kwao Kasikeu siku hiyo hiyo, na watoto wake wawili wanabaki kwa nyanya yao. Mama mkwe alinieleza hayo yote bila chuki. "Mimi nampenda huyu msichana," akaniambia, "lakini tumbo ni tumbo."

Nilikasirika, siwafichi. Nilitaka kumwambia yule mzee arudi na pikapu yake na kofia yake. Lakini mgonjwa alikuwa Nduku, na Nduku alitaka kupimwa kuliko hata wao.

Sista Mumbua aliwakuta wote watatu wamekaa kwenye benchi. Akatoa amri yake kama kawaida, kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye foleni: "Nyinyi wa picha, kunyweni maji mengi mpaka mjisikie mmebanwa. Na msiende choo mpaka muitwe!"

Kunyweni. Msiende. Muitwe. Alisema kwa wingi, na watu wa Zombe ni watiifu hospitalini. Nduku alikunywa. Mama Syokau alikunywa kidogo, akasema tumbo lake si la kisasa. Mzee Kithome akanywa kikombe baada ya kikombe. Maji ya kwao yana chumvi, na haya yalikuwa matamu, tena ya bure. Hakuna aliyemwambia kwamba si yeye anayepimwa, na yeye hakuuliza. Wakakaa pale wakingoja zamu, na foleni ilikuwa ndefu.

Zamu ilipofika, nilimwambia Nduku peke yake, "Hiki chumba ni chako. Ukitaka wakae nje, watakaa nje, na mimi nitafunga mlango."

Alifikiri kidogo. "Waingie," akasema. "Walisema juu ya tumbo yangu mbele ya kanisa yote. Wakuje waangalie na macho yao."

Basi wakaingia. Nikampaka jeli, akashtuka, nikamwambia baridi hiyo itaisha. Nikaweka probu. Skrini ikajaa weusi, weusi mkubwa wa mviringo, kutoka karibu na kitovu kwenda chini.

"Huyo!" Mzee Kithome akapiga kelele. "Namwona! Namwona na mguu yake!"

"Mzee, hiyo ni saa ya mashine," nikamwambia. "Imeandikwa pale pembeni."

"Na hiyo kichwa?"

"Hiyo ni tarehe."

 Mimi nikaendelea kutafuta polepole. Mkikuta weusi mkubwa namna hiyo msikimbilie kusema. Tafuteni kizazi kwanza. Nikakipata chini kabisa, mahali pake, kidogo, kitupu, kimetulia. Mbele yake kibofu kimejaa. Na juu ya vyote viwili, ule uvimbe, maji matupu ndani ya ngozi nyembamba, hakuna mkono, hakuna moyo unaopiga. Nilifurahi mpaka nikataka kuimba mimi mwenyewe.

"Nduku," nikamwambia yeye, si wao, "huna mimba. Una uvimbe wa maji. Umeota kwenye kifuko cha mayai."

 Machozi yalianza kumtoka yakaingia masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali.

Nikamtuma choo, akarudi, nikampima tena. Hili likumbukeni: mkiwa na shaka ni kibofu au ni uvimbe, mtumeni mgonjwa choo. Weusi mdogo ulikuwa umeisha. Weusi mkubwa ulikuwa palepale.

"Sasa hii kubwa mbona haikutoka?" akauliza Mama Syokau.

"Kwa sababu si mkojo, mama. Haina njia ya kutoka. Itatolewa na daktari kwa kisu."

Mama Syokau akaweka mkono mdomoni. Lakini Mzee Kithome hakuwa ametoka Zombe kuja kushindwa. Alikuwa amesimama akibadilisha mguu huu na ule, nami nikadhani ni hasira.

"Daktari, mimi sio mtu wa kusoma sana," akasema, "lakini mtoto analala kwa giza. Hiyo nyeusi ndio giza ya mtoto. Amejificha tu."

"Ni maji, mzee. Maji huonekana meusi."

"Hiyo ni maneno yako. Hiyo mashini iangalie mtu hana mimba, tuone kama itaonyesha nyeusi." Akaweka kofia mezani. "Niangalie mimi. Mimi ni mwanaume. Ikikosa nyeusi kwangu, huyu ana mimba, na mambo imeisha."

Kwa sheria za sasa ningekataa, na ningekuwa sawa. Lakini nilimtazama Nduku pale kwenye kiti, anajifuta tumbo kwa leso, na nikaona kwamba neno langu peke yake halitafika Zombe. Nikamwambia mzee alale, alegeze mkanda.

Jeli ilipomgusa alisema "Uuui!" kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. Nikabonyeza probu chini ya kitovu. Akakunja vidole vya miguu.

"Usibonyeze sana hapo, daktari."

"Lazima nibonyeze, mzee. Mtoto anaweza kuwa amejificha."

Na pale kwenye skrini ukatokea weusi mkubwa wa mviringo, mweusi tititi, safi, kama nilivyofundishwa. Sijawahi kuona kibofu cha mwanaume kilichojaa namna ile, wala sikuwahi kukiona tena hadi nilipostaafu.

 Mama Syokau akasogea karibu na skrini, akavaa miwani yake, akaangalia. Akamwangalia mzee. Akaangalia skrini tena.

"Ngai!" akasema. "Mzee Kithome. Ni ya miezi ngapi?"

Mimi nilijikaza. Wenzangu, nilijikaza mpaka mbavu zikauma. Mzee aliinuka na jeli yake, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja, akasema, "Ni maji! Ni ile maji sista alisema tukunywe! Choo iko wapi?"

Ndipo Nduku aliposimama. Hakupaza sauti. Alikwenda tu akasimama mlangoni, na lile tumbo lake likauziba mlango wote.

"Kwa hivyo nyeusi ni maji," akasema.

"Ni maji, mama. Nipishe."

"Hata yangu?"

"Hata yako. Nipishe, tafadhali."

"Na mimi nililala na mtu?"

"Hapana!"

"Sema yote, mama asikie."

"Haukulala na mtu!" Mzee alikuwa ameshapishanisha miguu. "Haukulala hata siku moja! Nduku, mwanangu, mimi nitasema yote, hata kanisani nitasema, lakini toka hapo mlango!"

Nduku akamhesabia pumzi moja hivi, kisha akampisha. Mzee wa watu alipita mbele ya foleni akikimbia bila kofia, na Sista Mumbua, ambaye hakujua lolote, akamfokea kutoka mapokezi: "Mzee! Nilisema mtu asiende choo mpaka aitwe!"

Nilipompelekea daktari matokeo alisema Nduku alazwe palepale. Uvimbe mkubwa namna hiyo unaweza kujipinda ghafla, na ukijipinda mbali na hospitali mtu anaweza kufa. Kumbe ile njia ya Kasikeu waliyomwandalia ingeweza kuwa njia ya kaburi. Nilipomweleza Mama Syokau hivyo aliketi chini sakafuni, akajifunika uso kwa leso. Alilia kwa aibu, na mimi nilimwacha alie, kwa sababu kuna aibu nyingine ni haki ya mtu.

Alipomaliza alijifuta, akatoka hadi kwenye pikapu. Nilimfuata nikidhani anaondoka. Akafunua turubai nyuma, na pale palikuwa na sanduku la bati, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Ni nguo zake," akaniambia bila kunitazama. "Nilizipanga mimi mwenyewe jana, za kurudi kwao." Akaanza kulivuta, likawa zito. Mzee Kithome alikuwa ametokea, amefunga mkanda, shati limemgandia tumboni kwa jeli. "Mzee, shika hiyo upande ingine," Mama Syokau akamwamuru. "Mtoto wangu analazwa. Atahitaji nguo za kubadilisha."

Wakalibeba wawili hadi wodini, wakapita mbele ya kila mtu.

Nduku alipasuliwa, na daktari alitoa uvimbe ambao ilibidi uwekwe kwenye beseni. Mutua alikuja kutoka Mombasa, akakaa naye siku nyingi, akampeleka nyumbani Zombe kwa watoto wao. Haya ya mwisho sikuyaona kwa macho, nilisimuliwa na Mama Syokau alipomleta kwa kliniki. Jumapili ya kwanza Nduku aliporudi kanisani alienda kukaa palepale walipomweka, benchi la nyuma. Mzee Kithome akasimama mbele kutimiza ahadi yake. Alianza mbali sana. Alianza na uumbaji, akaja kwa Ayubu, akazungumza juu ya ulimi kwamba ni kiungo kidogo, akasema hata watumishi huweza kuona visivyo sawasawa. Watu wakaanza kusinzia, na jina la Nduku halijatajwa. Mama Syokau alivumilia mpaka akashindwa. Akasimama kwenye upande wa kina mama, miwani puani, akaita:

"Mzee! Sema ile ya mkojo!"

Kanisa likageuka. Mzee akafuta uso, akaangalia dari, akavuta pumzi, na akaisema. Aliisema yote, na ndoo, na vikombe, na jeli, na weusi wake kwenye skrini, na lile jibu alilolitoa mlangoni, kwa jina lake Nduku na kwa sauti. Watu walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Na kule nyuma Nduku, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemwona akicheka tangu mvua iliyopita, alicheka mpaka akashika mshono.